Ufito wa Kuvulia Kwenye Mafunjo ya Kisale

Katika Ziwa Kisale, kumfanya samaki aimeze ndoano ni kazi ndogo. Kazi kubwa inaanza papo hapo anapoimeza. Kambale akichomwa hakimbilii katikati ya ziwa kwenye maji mapana. Anageuka na kurudi alikotoka, chini ya mafunjo, kwenye mizizi iliyosukana na mashina yaliyooza. Akipata mita moja tu ya uzi uliolegea, amekwisha kujifunga humo, na mvuvi anabaki anavuta kisiwa cha mafunjo. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi, Kolwezi au Kamina akitaka kujua anunue fimbo gani ya kuja nayo Kinkondja, aache kwanza habari za kampuni na bei. Ajiulize: samaki huyo nitamtoaje?

Natia mkazo hapo kwa sababu fimbo nyingi zinazouzwa katika masoko ya miji yetu zimetengenezwa kwa kazi nyingine. Ile inayochomolewa kipande kwa kipande kama antena ya redio, nyembamba, yenye rili ndogo na uzi wa nailoni, ni fimbo ya kurusha chambo mbali kwenye maji yaliyo wazi. Inafaa ufukweni, inafaa bwawani. Ukiileta kwenye mafunjo, inapinda hadi karibu na kishikio, samaki anatumia upinde huo kuingia mizizini, na mara nyingi kiungo kimojawapo kinavunjika. Mwenye fimbo anarudi mjini akisema Kisale hakuna samaki.

Kinkondja iko kando ya ziwa hilo, mkoani Haut-Lomami, katika bonde la Upemba, ambako mto Lualaba unatawanyika kwenye mfululizo wa maziwa na vinamasi: Upemba, Kisale, Kabamba, na mengine madogo. Ni maziwa yasiyo na kina kirefu, na ukingo wake hauna mstari. Mafunjo yanaanza kwenye matope, yanaendelea juu ya maji, na mwishoni yanaelea tu, mizizi ikining'inia bila kugusa chini. Upepo na maji ya mafuriko huyamega vipande vipande na kuvisogeza, hata njia ya mtumbwi iliyokuwa wazi juzi leo imezibwa. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyepita katika nchi ya Waluba mwaka 1874 wakati akilivuka bara hili, hakufika Kisale, lakini alisimuliwa habari za watu wa ziwa hilo wanaokaa juu ya visiwa vya tingitingi vinavyoelea. Baadaye, meli za mvuke zilipoanza kusafiri kati ya Bukama na Kongolo, ilibidi njia ikatwe katikati ya mafunjo hayo ndipo zipite.

Na watu wa hapa wamekuwa wakivua kwa ndoano tangu zamani sana. Huko Sanga, kwenye ukingo wa Kisale, Jacques Nenquin alichimba makaburi mwaka 1957, na Pierre de Maret akaendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1970. Makaburi ya kipindi ambacho wanaakiolojia wamekipa jina la ziwa lenyewe, kuanzia karne ya 8 hivi hadi ya 13, yalitoa vyungu vya ufundi wa juu, mapambo ya shaba, na pamoja navyo ndoano na vyusa. Wafu walizikwa na zana za ziwa. Ufito wenyewe, kwa kuwa ni mti, haudumu ardhini, lakini aliyefua ndoano hiyo alikuwa na mafunjo haya haya mbele yake.

Sasa tuingie kwenye mafunjo, maana asiyejua samaki amekaa wapi hawezi kuchagua ufito.

Chini ya mafunjo yanayoelea kuna giza, na kuna majani yanayooza mwaka mzima. Kuoza huko kunakula oksijeni ya maji. Perege hawezi kukaa ndani kabisa kwa muda mrefu. Anakaa pembeni, pale kivuli kinapokutana na maji yenye hewa, na anaingia ndani kujificha tu. Kambale na kamongo wana bahati nyingine. Kambale ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, na kamongo ana mapafu. Wanaweza kuishi ndani ya giza lile ambamo perege angekufa, ila kwa sharti moja: lazima wapande kupumua. Kwa hiyo wanahitaji tundu. Mafunjo yamejaa matundu ya namna hiyo, mengine yana upana wa nusu mita tu, mengine ni ufa kati ya kisiwa na kisiwa. Ukitulia mtumbwini utaona povu linapanda, au utasikia mlio mfupi wa samaki anayevuta hewa. Hapo ndipo chambo kinapotakiwa kushuka, wima, bila kishindo, na samaki anatakiwa kutoka kwa njia ile ile, wima, kabla hajageuza kichwa.

Hilo ndilo linaloamua kila kitu kuhusu ufito. Hatutafuti wa kurusha mbali. Tunatafuta wa kushusha na kunyanyua.

Kuna njia mbili za kukifikisha chambo kwenye tundu. Ya kwanza ni kukidondosha: uzi ni mfupi, unapimwa kwa mkono, chambo kinabembea mara moja kutoka kwa mvuvi na kushuka kwenye tundu lililo mita tatu au tano mbele yake. Ya pili ni kukirusha chini-chini: mvuvi anashika chambo kwa mkono mmoja, anashusha ncha ya fimbo, halafu anainyanyua huku akikiachia chambo kiende juu kidogo tu ya maji, kitue polepole kwenye ufa ulio mita saba au kumi. Wamarekani wanaziita flipingi na pichingi, na wanauza fimbo maalumu kwa ajili ya njia hizo, ghali kuliko fimbo za kawaida. Lakini historia ya fimbo hizo inatuhusu sana sisi wa mafunjo.

Katika delta ya mito Sacramento na San Joaquin, huko California, kunaota mmea wa majini uitwao tule. Ni wa jamii moja na mafunjo, mrefu, mnene, unaoficha samaki vile vile. Wavuvi wa pale walikuwa wakitumia fito ndefu, za mita tatu na nusu na zaidi, kushusha chambo katikati ya mashina. Dee Thomas alikuwa mmoja wao. Alipoanza kuingia kwenye mashindano akawashinda wenzake kwa ufito huo, wakalalamika kwamba si uvuvi wa haki. Akakubali kuufupisha hadi futi saba na nusu, yaani mita 2.3 hivi, na mwaka 1975 akashinda mashindano ya kitaifa kwenye Ziwa Bull Shoals, jimboni Arkansas, kwa namna ile ile ya kudondosha. Viwanda vikafuata. Mpaka leo fimbo za kazi hii zinazouzwa madukani zina urefu wa kuzunguka kipimo hicho, kati ya mita 2.1 na 2.4.

Nimeieleza kwa kirefu kwa sababu mnunuzi wa kwetu huamini kwamba urefu ulioandikwa kwenye fimbo ya dukani umetokana na utafiti wa maji na samaki. Umetokana na ugomvi wa mashindano. Hakuna kanuni kama hiyo Kisale, na mtu asijibane nayo. Kwa kudondosha kwenye matundu ya karibu, ufito mrefu wa mita tatu na nusu au nne ni bora kuliko fimbo yoyote ya kiwandani ya mita 2.3, na wavuvi wa kwenye vinamasi hawakuhitaji kuambiwa hivyo na mtu wa California. Ufito mrefu unafika kwenye tundu bila mtumbwi kusogea karibu na kuwashtua samaki. Ncha yake inasimama juu kabisa ya tundu, hivyo ukinyanyua, samaki anakuja juu. Hana pembe ya kuingilia pembeni. Wenye fimbo fupi wanavuta samaki kwa mshazari, na mshazari ndio unaompeleka kwenye mizizi.

Kwa hiyo kwa kazi ya kudondosha, ushauri wangu ni mwanzi, na fedha ya fimbo iende kwenye uzi na ndoano.

Lakini mwanzi gani? Si kila mti mrefu ulionyooka ni ufito. Matete ni mepesi na yanavutia macho, lakini yanapasuka kwa kambale wa kilo mbili. Mwanzi mkubwa wa bustanini, wenye tundu pana ndani, ni mnene mno kitakoni na unachosha mkono. Unaofaa zaidi ni mwanzi wa porini wa misitu ya miombo, ambao shina lake limejaa au lina tundu dogo sana. Ni mzito kidogo, ila unapinda bila kuvunjika na unarudi. Tafuta shina lililokomaa, la miaka mitatu hivi, ambalo rangi yake ya kijani kibichi imeanza kufifia. Shina changa linaonekana zuri siku ya kukata, kisha linasinyaa na kujikunja. Angalia vifundo: vikikaribiana, ufito una nguvu, vikiachana sana, utapinda pale pale kila mara mpaka uvunjike. Kata wakati wa kiangazi, shina likiwa na maji na wanga kidogo, hivyo wadudu wanaotoboa hawatalisumbua sana. Usilianike juani, litapasuka. Litundike kivulini, ncha ikiwa juu na uzito mdogo ukining'inia kitakoni ili linyooke, uliache kwa wiki kadhaa. Palipopinda, pashe moto taratibu juu ya makaa, nyoosha kwa goti, shikilia mpaka papoe.

Na jambo moja ambalo wengi hulipuuza: uzi usifungwe kwenye ncha peke yake. Uanzie kitakoni, ukimbie sambamba na ufito ukifungwa mahali pawili au patatu, ndipo utoke nchani. Ncha ikivunjika samaki akiwa ndani, na siku moja itavunjika, uzi bado uko mkononi mwako. Urefu wa uzi unaotoka nchani uwe mfupi kuliko ufito. Kwenye mafunjo mazito mita moja na nusu inatosha kabisa. Uzi mrefu kuliko ufito ni wa maji ya wazi.

Fimbo ya kiwandani ina mahali pake, na mahali penyewe ni ile njia ya pili. Kuna nyufa ambazo mtumbwi hauwezi kukaribia, kuna kingo ambako perege mkubwa anakimbia akiona kivuli cha mtu. Pale unahitaji kurusha chini-chini, na mwanzi bila rili hauwezi. Ukiamua kununua, kwanza angalia ugumu wa shina. Watengenezaji huandika nguvu ya fimbo juu ya kishikio, lakini maandishi ya fimbo za bei nafuu hayategemeki. Pima mwenyewe dukani. Funga chupa ya maji ya lita moja, ambayo ni kilo moja, kwenye uzi uliopita pete zote, kisha nyanyua taratibu. Fimbo ya mafunjo itapinda theluthi ya mbele tu na shina litabaki limesimama. Ikipinda mpaka kwenye mkono wako, irudishe, hata kama muuzaji anakupunguzia bei.

Cha pili ni kishikio, na hapa ndipo naona watu wakidanganywa na umaridadi. Kishikio kiwe kirefu, kipite nyuma ya mkono na kuegemea chini ya kigasha hadi karibu na kiwiko. Sababu yake ni hesabu ya wenzo. Tuseme ncha iko mita mbili mbele ya mkono wako, na kitako kiko sentimita 30 nyuma yake. Kilo moja inayovuta nchani inasukuma kitako juu kwa nguvu ya kilo sita na nusu na zaidi. Samaki pamoja na fungu la mizizi alilokokota anaweza kufika kilo tano kwa urahisi. Bila kitako kirefu cha kuegemea kwenye kigasha, nguvu yote hiyo inabebwa na kifundo cha mkono, nacho hakiwezi. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayofanya ufito mrefu wa mwanzi ushikwe kwa mikono miwili, mmoja kitakoni na mwingine mbele umbali wa mkono mzima.

Kuhusu malighafi yenyewe, fimbo za kaboni ni nyepesi na zinakuletea mkononi kila mguso wa samaki, ila zikigongwa kwenye ubao wa mtumbwi zinapata ufa usioonekana, na siku ya samaki mkubwa zinakatika. Faibaglasi ni nzito, ina hisia ndogo, na inavumilia. Kwa mtumbwi wa mti mmoja, wenye ndoo, kasia na miguu ya watu, mimi ningechukua faibaglasi nene. Iwe ya kipande kimoja, au viwili tu.

Rili isinishike sana. Iwe na breki unayoweza kuikaza mpaka isiteleze hata kidogo. Kwenye mafunjo hakuna kumwachia samaki uzi ili achoke. Kila sentimita unayomwachia anaitumia dhidi yako.

Uzi ndio unaostahili fedha zaidi. Nailoni inavutika, na kule kuvutika kunampa samaki nafasi ya kugeuka. Uzi wa kusuka karibu hauvutiki kabisa, na unakata mashina laini ya majani unapokazwa. Chagua wenye kuhimili kilo 23 hadi 30. Mtu atashangaa, kwa kuwa kambale wa kawaida ni wa kilo mbili au tatu, lakini humvuti samaki peke yake, unavuta pamoja na alichojifungia. Uzi huo hukwaruza pete dhaifu, hivyo kagua pete za fimbo kwa pamba: pamba ikinasa, pete ina mkwaruzo na itaula uzi. Ndoano iwe ya waya mnene, maana mdomo wa kambale ni mgumu na ndoano nyembamba inanyooka. Kwa kamongo, ambaye meno yake yanakata, weka kipande kifupi cha waya kabla ya ndoano. Chubwi liwe dogo pale tundu liko wazi, na zito, gramu 20 hadi 40, pale ambapo juu kuna majani yanayoelea yanayotakiwa kutobolewa.

Chambo nakipita haraka, kila mvuvi ana chake: nyungunyungu, utumbo wa kuku, kipande cha samaki, kumbikumbi wakati wa mvua.

Zaidi ya hayo kuna mtumbwi. Vitabu vya Wamarekani vinafundisha kuvuta kwa nguvu ya mwili mzima mara samaki akigusa, kwa sababu wao wanasimama juu ya boti pana. Ukifanya hivyo ndani ya mtumbwi mwembamba utaanguka majini, na katika maji ya Lualaba kuna mamba na viboko. Vuta kwa viwiko, kwenda juu, miguu ikiwa imetulia, na usivute kamwe kwa upande. Ufito mgumu unakusaidia hapa pia: mwendo mfupi wa mikono unafika moja kwa moja kwenye ndoano, huna haja ya kupiga mgongo nyuma. Wawili mtumbwini ni bora kuliko mmoja, mmoja akishikilia mtumbwi kwa upondo uliochomekwa kwenye mafunjo.

Msomaji wa Kenya ataliona hili kwa namna nyingine kule Naivasha. Lile nalo ni ziwa la mafunjo, na samaki yule yule aliyewafanya Wamarekani wabuni fimbo hizi, yule wa mdomo mpana, aliletwa huko mwaka 1929 kwa ajili ya michezo ya walowezi, akabaki. Anayevua Naivasha kwa ajili ya burudani anaweza kuchukua fimbo ya dukani kama ilivyo, samaki wake ndiye aliyekusudiwa. Kisale ina kambale na kamongo, wenye nguvu ya kujisokota ambayo samaki wa Naivasha hana, na ina watu wanaovua kwa ajili ya sufuria na soko. Samaki wa maziwa haya, wabichi, wa moshi na wa chumvi, wanasafirishwa mpaka miji ya migodi. Ufito hauwezi kushindana na nyavu kwa wingi, na sidai hivyo. Lakini ndoano kubwa haishiki kifaranga cha samaki, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya vyandarua vya mbu vinavyokokotwa katika maziwa mengi ya Afrika, na kwenye matundu ya ndani ya mafunjo wavu haupiti kabisa. Samaki wakubwa waliomo humo wanamngoja mwenye ufito.

Kuhusu wakati: mvua zikishiba, Lualaba inafurika, mafunjo yanainuka, na samaki wanatawanyika kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, ambako ufito wowote ni wa kubahatisha. Maji yakishuka kiangazi, samaki wanarudi na kujikusanya kwenye mifereji na matundu. Mianzi iliyokatwa mwanzo wa kiangazi itakuwa imekauka vizuri maji yakiwa chini kabisa, mwezi wa Septemba na Oktoba. Kata mitatu. Mmoja utapasuka ukikauka, mmoja utauvunja kwa samaki wa kwanza mkubwa kabla mikono haijazoea, na wa tatu utakaa nao.